Miili Saba Bila Sura

Kwa uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari yenyewe ni fupi. Mke wangu Demetria alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Zahanati walimpa panadol, tuliporudi wakampa tena panadol, mara ya tatu wakatuuliza kwa nini tumechelewa. Binti yangu Tabu yuko Temeke kwa mumewe, simu yangu anaipokea akijisikia. Halafu wakubwa wakaja na mkanda wa kupimia, wakasema uwanja wa kikundi chetu cha wachongaji hapa Manzese unageuzwa maegesho ya magari.

Tuliishia pale kamati iliposhuka kwenye gari na fomu.

Walijiita Kamati ya Thamani ya Sanaa. Watu wanne, chupa za maji kumi na mbili. Mwenyekiti wao alikuwa na suti ya bluu na viatu ambavyo havijawahi kukutana na Manzese.

"Ndugu zangu," akasema, "sekta ya ubunifu ni uchumi. Nyie siyo masikini. Nyie ni rasilimali ya taifa."

Jirani yangu wa benchi, Godlisten, akaninong'oneza: "Braza Gaspar, rasilimali inakulaga saa ngapi?"

Tulikuwa wachongaji saba. Tukapiga makofi, maana waliopiga picha walikuwa wameshanyanyua simu.

Kisha tukahojiwa mmoja mmoja. Mie nilimpata binti mmoja anaitwa Afrah, mtoto wa Kiarabu, mpole, ana kalamu mbili sikioni.

"Shikamoo mzee Gaspar."

"Marahaba, mwanangu."

"Elimu yako?"

"La nne. Mwalimu alihama, na mimi nikahama."

"Kuna mtu anakusaidia kazi?"

"Hakuna." Hilo nililijibu haraka kuliko mengine.

"Kazi yako ina faida gani kwa jamii?"

"Watu wanaiweka sebuleni."

"Halafu?"

"Halafu mgeni akija anauliza hii ni nini."

Akaandika: inachochea mazungumzo. Niliisoma kichwa chini miguu juu, lakini niliisoma.

Mwenyekiti akarudi mbele na habari yenyewe. Kuna jengo jipya Mbweni. Vyumba vya kazi, umeme, choo cha ndani, duka upande wa barabarani. Anayethibitika kuwa ni msanii anapewa funguo. Asiyethibitika, basi, maegesho yanaanza mwezi ujao.

"Mtathibitishaje?" Kamugisha akauliza. Huyo ni mchongaji mwenzetu, Mhaya, anapenda maswali.

"Kwa vitendo. Siku tatu, hapahapa, mbele ya kamati. Kila mmoja gogo moja la mpingo. Mchonge mtu. Na awe na sura yake."

"Mnyama je?" nikauliza.

"Mnyama hapana."

"Hata twiga?"

"Mzee wangu, twiga ni zawadi ya uwanja wa ndege. Sisi tunapima utu."

Nikakaa chini. Wenzangu wote sita walikuwa wameshakaa.

Sasa msomaji, hapa ndipo ninapotakiwa kusema jambo ambalo hata padri sijamwambia, na padri ameuliza.

Mimi Gaspar, fundi wa miaka thelathini, sijawahi kuchonga sura ya mtu.

Mwili nachonga. Nipe tezo na gogo, nitakutolea mgongo utauona unapumua. Miguu, mikono, matiti, tumbo la mjamzito, hayo yote yangu. Lakini uso ukiguswa na mimi unakuwa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba katikati ya chafya.

Sura zote zilikuwa kazi ya Demetria.

Ilianza mwaka wa pili wa ndoa, tukiwa tumetoka Ndanda hatuna hata kitanda. Kwenye kikundi chetu mwanamke alikuwa wa msasa na dawa ya viatu. Mume anachonga, mke anasugua, mke anang'arisha. Kisu hapewi. Wazee wa kikundi walisema mwanamke akishika kisu gogo linapasuka, nasi tukaitikia, maana hatukutaka kugawana sifa.

Siku hiyo nilikuwa nimeharibu uso, nikautupa kwenye kiroba, nikaenda kulalamika kwa watu. Narudi, nakuta yule mama wa mti ananiangalia. Ananiangalia kweli.

"Nani kagusa?" nikauliza.

"Mimi, baba Tabu. Nilikuwa napiga msasa nikaona macho hayajafunguka. Nikamfungua."

Nilitaka kugomba. Kabla sijaanza, ile kazi ilinunuliwa.

Tangu hapo nikawa nachonga mwili, natia kwenye kiroba, napeleka nyumbani. Watu wakiona kiroba wanajua mke anaenda kupiga msasa. Nani aulize? Demetria alikuwa na sharti moja tu: kazi nimpelekee Alhamisi.

"Kwa nini Alhamisi?"

"Siku nyingine nina mambo yangu."

Nilidhani ni mambo ya jumuiya. Mama wa Kikatoliki ana mikutano mingi kuliko bunge, na angalau yeye alikuwa anahudhuria.

Sifa zikawa zangu. Wageni waliulizia "kazi za Gaspar". Nikajitengenezea na mtindo wa kujibu: nafumba macho kidogo, nasema, sura inajileta yenyewe.

Alipofariki, nikahamia twiga. Twiga ana raha yake, ukimkosea anabaki twiga. Na wenzangu wote sita wakahamia twiga mwaka huohuo. Nikasema hiyo ndiyo serikali, imeua soko la vinyago vya watu.

Haya. Siku nne kabla ya mtihani nikaenda Mwenge kwa Masoud. Duka lake la vinyago alilirithi kwa baba yake, na kazi zetu nyingi ndiye alikuwa anazinunua. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nikomboe kinyago kimoja cha zamani, nikate kichwa, nikiingize mtihanini chini ya kofia, nikigandishe kwa gundi.

"Karibu bwana Gaspar," Masoud akasema hata sijakaa. "Na wewe umekuja kutafuta kichwa?"

"Na mie? Nani mwingine?"

"Wewe wa tano tangu Jumatatu. Watu wa Manzese mmepatwa na nini? Mwaka mzima mnaniletea twiga, duka limekuwa mbuga. Leo mnataka vichwa."

"Wenzangu wanasema wanavitakia nini?"

"Kumbukumbu."

"Mie pia ni kumbukumbu."

"Basi mmechelewa wote. Wale wa kamati wamekuja na gari, wameazima kila kilichokuwa kabatini. Wanakwenda kuvipanga kwenye maonyesho."

Nikatoka pale nimekasirika. Hasira yangu ilikuwa kwa kamati, na kwa wenzangu pia, kwa tamaa yao. Sikujiuliza hao wenzangu kichwa wanakitakia nini hasa. Mtu ukishazoea kujiona una akili peke yako, hujiulizi.

Mtihani ukafika. Turubai, viti vya plastiki, maji. Mwenyekiti akapuliza filimbi, filimbi ya mpira kabisa.

Siku ya kwanza tulichonga vizuri mno. Tezo saba zinalia kwa pamoja, vibanzi vinaruka, watu wa mtaani wamejaa. Kufika alasiri kila mmoja alikuwa na mwili umesimama. Mwenyekiti akafurahi, akatumia neno rasilimali mara tatu.

Siku ya pili tuliendelea na miili.

Mie nilimaliza kucha za mikono, nikaenda kucha za miguu. Afrah akapita.

"Mzee Gaspar, hongera. Uso lini?"

"Uso unajileta wenyewe, mwanangu. Hauharakishwi."

"Sawa, baba."

Nikachungulia kwa Godlisten kuona amefika wapi. Mtu wake alikuwa na viatu. Godlisten alikuwa anachonga kamba za viatu, moja moja, na matundu yake.

Nikachungulia kwa Kamugisha. Mama aliyemchonga alikuwa amevaa khanga, na Kamugisha alikuwa anachonga maua ya khanga.

Nikasema moyoni, hawa watu wamekuwa mafundi lini?

Siku ya tatu jua lilipofika utosini, mwenyekiti alisimama mbele ya meza akatutazama. Na mie nikatazama. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kutazama kazi zote saba kwa pamoja.

Mtu wa Godlisten alikuwa amevaa kofia ya pama imemfika kidevuni. Mama wa Kamugisha alikuwa analia, uso kaufunika kwa viganja viwili. Khalfani alichonga mtu amesujudu. Mwingine alichonga mama anampa mtoto mgongo, na mtoto naye kampa mama mgongo. Mwingine mwanamume amelala kifudifudi. Mwingine alikuwa amesingizia kidole chake kimekatika, kimefungwa kitambaa, damu hakuna, na mtu wake kaishia shingoni.

Mie wangu alikuwa mama anainama kuokota kitu. Hakijulikani kitu gani, ila kilikuwa chini sana.

Miili saba. Sura hakuna hata moja.

Mtaa mzima ukasogea mbele. Mama lishe mmoja akasema kwa sauti: "Hee! Wote wamepatwa na aibu?"

Afrah akainuka. Akaenda kwenye meza ndefu iliyofunikwa, akavuta kitambaa. Vilikuwa vinyago vya kwa Masoud, vile vya zamani. Kila mmoja wetu akaona vyake. Na kila mmoja wetu, kwa mara ya kwanza, akaona vya wenzake vimepangwa bega kwa bega na vyake.

Nyuso zilikuwa ndugu.

"Nimevitazama wiki nzima," Afrah akasema taratibu. "Miili ni ya watu saba. Sura ni za mtu mmoja. Kope zinakatwa namna moja. Na alama za kisu zote zinaingia kutoka kushoto. Wazee wangu, nimewaangalia siku tatu. Hapa hakuna hata mmoja anayetumia mkono wa kushoto."

Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Tulitazama mikono yetu ya kulia.

Mwenyekiti akavua koti. Nilidhani anataka kupigana.

"Huyo mtu," akasema, na safari hii hakuwa anahutubia, "ndiye aliyewalisha nyie wote. Ndiye aliyelijaza duka la Mwenge. Wageni walivuka bahari kufuata macho aliyoyafungua yeye. Sisi tunahangaika na fomu kutafuta thamani ya sanaa, kumbe ilikuwa mtu mmoja, na jina lake halipo popote. Ninyi chumba hampati. Chumba ni chake. Kama hayupo, ni cha mrithi wake. Nani anamjua?"

Msomaji, nimeonewa mara nyingi na nimekueleza zote. Lakini hii ilikuwa mara ya kwanza ukweli kunipita karibu ukiwa umebeba funguo.

Nikasimama.

"Ni marehemu mke wangu. Demetria."

Nikasikia pumzi sita.

"Demetria wa Jumatano?" Kamugisha akasema.

"Jumatano ya nini?"

"Mie alinipa Jumatano."

"Mie Ijumaa," akasema Khalfani, "lakini baada ya sala."

"Jumamosi," akasema yule wa kidole. "Alisema ni siri, hata mumewe hajui kwamba anajua kuchonga."

"Mie ndiye mumewe!"

"Ndiyo. Wewe ndiye ulikuwa hujui."

Watu wakacheka. Mie nikamgeukia Godlisten, jirani yangu wa benchi miaka kumi na tisa.

"Na wewe?"

"Jumanne, braza."

"Ulikuwa unakuja nyumbani kwangu?"

"Mlangoni tu. Nakabidhi kiroba, napewa chai, naondoka."

"Chai gani?"

"Ya maziwa."

Nyumbani kwangu mie nilikuwaga nakunywa ya rangi. Niliambiwa maziwa yamepanda.

"Mimi nilikuwa Alhamisi," nikasema. Sijui nilimwambia nani.

Mwenyekiti akagonga meza. "Mzee Gaspar, pole. Lakini hatuwezi kutoa chumba kwa maneno. Hizi zote zina majina ya wanaume chini yake. Kuna kazi hata moja yenye jina lake? Na kitu cha kuonyesha kwamba wewe ni mumewe?"

"Cheti cha ndoa kilienda na mafuriko ya bonde," nikasema. "Bonde ambalo wakubwa walisema watajenga ukuta."

"Na kazi yenye jina?"

Hiyo sikuwa nayo. Nikafungua mdomo niwalaumu, nikakosa wa kuanza naye.

Godlisten akasimama polepole.

"Ipo moja," akasema. "Ninayo."

"Unayo nini?" nikauliza.

"Alinipa Jumanne ya mwisho, kabla hajalazwa. Aliichonga yote mwenyewe, mwili hakuna, kichwa tu. Akasema nitunze." Akakuna shingo. "Akasema nisikuonyeshe, braza. Nisamehe."

"Kailete," mwenyekiti akasema.

Godlisten anakaa nyumba ya tatu kutoka uwanjani. Alikwenda na kurudi kabla sijapata la kumtukana. Kitu kilikuwa kimefungwa kwenye khanga ninayoijua, ile ya zambarau. Nilidhani iliibiwa kambani.

Afrah akaifungua kwa vidole viwili viwili. Akageuza chini kwanza, akasoma kwa sauti:

"*Mume wangu. Demetria.*"

Uwanja mzima ukasema aah. Mwenyekiti akatabasamu mara ya kwanza siku hiyo. "Basi tumemaliza. Jina lipo, na mume yupo humo humo. Sura ikiwa ni ya mzee Gaspar, yeye ndiye mrithi, funguo anazo leo. Na hii kazi tunaiweka Mbweni, mlangoni pa jengo. Jina la msanii, na chini yake jina la aliyechongwa. Kila mgeni ataanzia hapa."

Afrah akakigeuza kichwa kikatutazama.

Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Nakuambia kama fundi. Paji la uso, mikunjo mitatu. Pua, na kovu dogo la pikipiki juu yake. Mdomo ulikuwa wazi, wazi sana, umeachama mpaka unaona magego, nawe unajua kabisa kwamba umekuwa wazi kwa miaka mingi. Macho yalikuwa yanatazama juu, kwa mtu mwingine wa kulaumiwa.

Masikio hayakuwepo.

Pande zote mbili palikuwa pamelainishwa, pamepigwa msasa, pamepakwa dawa ya viatu, panang'aa.

"Hii haijakwisha?" mwenyekiti akauliza.

"Nilimuuliza hivyohivyo," Godlisten akasema. "Alisema imekwisha."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kamugisha aliangalia kile kichwa, akaniangalia mie, akaangalia chini. Khalfani akafanya vilevile. Mama lishe akaweka kiganja mdomoni.

Nikahisi kovu langu linawasha, nikaurudisha mkono mfukoni usilikune.

Afrah akanisogelea. Alikuwa ameshika kalamu moja, nyingine ingali sikioni. Mwenyekiti alikuwa ametoa funguo mfukoni, zilikuwa mbili kwenye kamba nyekundu, nimeziona kwa macho yangu.

"Mzee Gaspar," Afrah akasema kwa upole kabisa, "ni utaratibu tu. Naomba utusaidie. Huyu ni nani?"

Nikatazama jinsi Demetria alivyoniona.

"Simjui," nikasema.

Hakuniuliza mara ya pili. Akaandika.